Kabla Hujampelekea Mhariri: Maneno kwa Waandishi wa Lamu

Hotuba iliyotolewa katika Ngome ya Lamu mbele ya waandishi chipukizi, walimu na wazazi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na wenzetu ambao si Waislamu, hamjambo nyote, karibuni sana. Walimu wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Mkomani na Langoni, na nyinyi mliopanda boti tangu alfajiri kutoka Faza na Kizingitini, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kuandika vizuri na juu ya kupata mhariri. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa uhariri ndiyo kazi yangu, na miswada inayotoka visiwa hivi naipenda na hunikosesha usingizi.

Neno langu ni hili. Mhariri kazi yake ni kuuliza, na mwandishi kazi yake ni kujibu. Neno ulilo na jibu lake libaki, hata kama limemkera mhariri. Neno usilo na jibu lake liondoke, hata kama unalipenda. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Nianze na jambo ninalolisikia sana kwa vijana, kwamba kumpa mtu mwingine kazi yako aikosoe ni kukiri kuwa hujui kuandika. Wapo wanaodhani uhariri umeletwa na mashirika ya vitabu ya Nairobi. Ndugu zangu, katika mji wa Siyu, hapo kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19 palikuwa na mafundi wa kuandika misahafu kwa mkono, na kazi yao bado inatazamwa na wataalamu wa dunia nzima. Katika elimu ya kunakili vitabu vya Kiislamu, mwenye kunakili akifika mwisho hakuwa amemaliza. Nakala ilisomwa mbele ya asili yake, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa jicho. Neno lililorukwa liliandikwa ukingoni, na kando yake ikatiwa alama ya «sahha», ili anayesoma ajue kwamba hilo ni katika maandishi yenyewe, si maoni ya mtu aliyepita na kalamu. Chini ya ukurasa liliandikwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, karatasi zikitawanyika zipate kurudishwa kwa mpango wake. Hapa Lamu penyewe tulikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, mshairi, mchongaji na fundi wa khati, yaani mwandiko mzuri wa Kiarabu. Miswada aliyowaandikia wataalamu wa Ulaya imehifadhiwa mpaka sasa katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Hawa ndio waliotutangulia. Jicho la pili kwao lilikuwa sehemu ya heshima ya kazi.

Na kwa nini jicho la pili lihitajike? Mpishi wa pilau la arusi aliyeanza na sufuria tangu usiku, moshi umemjaa puani, ikifika wakati wa kuonja chumvi humwita mwenzake aliyetoka nje. Ulimi wake umezoea. Mwandishi naye ameishi na hadithi yake miezi, pengine miaka. Akisoma, hasomi kilichoandikwa, anasoma alichokusudia. Neno lililokosekana kwenye karatasi analiona, kwa sababu limo kichwani. Mhusika ambaye hakuelezwa vizuri yeye anamjua vyema, anamjua mpaka mama yake. Msomaji wa Voi au wa Mwanza hana kichwa hicho. Yeye ana karatasi tu.

Lakini mhariri asiwe wa kwanza kuuona uchafu wa mswada wako. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu linagusa mfuko. Mhariri anayelipwa kukuondolea makosa ambayo ungeyaona mwenyewe hana nafasi ya kukusaidia katika yale usiyoweza kuyaona. Umemlipa fundi wa nyumba afagie ua.

Basi tufagie pamoja kidogo. Nimetunga sentensi moja kwa ajili ya leo, si ya mtu yeyote hapa, ila za aina yake nazisoma kila wiki:

«Ilikuwa ni asubuhi na mapema ya siku hiyo ambapo Mwanaisha aliweza kuamka kutoka usingizini mwake na kuelekea kwenye gati huku akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu ya kwamba mumewe alikuwa bado hajarudi kutoka baharini.»

Sarufi haina kosa kubwa. Mwalimu wa shule angeipa alama. Sasa tuiulize maswali. «Aliweza kuamka»: kwani alikuwa hawezi? Kama hakuwa mgonjwa, aliamka. «Kutoka usingizini mwake»: kuamka kumekwisha kuubeba usingizi. Na huko kuamka kwenyewe kunatusaidia nini? Aliyefika gatini ameamka. «Huzuni kubwa sana moyoni mwake»: hapa mwandishi amefanya kazi ya msomaji. Amemwambia ahisi nini kabla hajamwonyesha kitu cha kumhisisha. «Kwa sababu ya kwamba» ni maneno manne kwa kazi ya moja. Tukishaondoa yasiyo na jibu, tunabaki na nini?

«Alfajiri Mwanaisha alishuka gatini. Mashua zilizotoka jana zilikuwa zimerudi zote ila moja.»

Huzuni haikutajwa. Mume hakutajwa. Nyote mliokaa hapa, watoto wa wavuvi na wajukuu wa manahodha, mmejua. Msomaji wa bara naye atajua, kwa sababu ile «ila moja» itamfanya aulize ya nani, na akiuliza atafungua ukurasa wa pili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila sentensi ifupishwe. Kuna urefu ambao ni pumzi ya msimulizi. Bibi anayesimulia, «akenda, akenda, akenda hata akafika», yule ukimwondolea «akenda» mbili umemvunja miguu safarini. Hapo swali linaulizwa na jibu lipo: njia ilikuwa ndefu, na sikio lilitaka kuuhisi urefu wake. Ndiyo maana nasema uliza, sisemi kata.

Njia ya kuyasikia haya iko bure. Soma kwa sauti. Sisi ni watu tuliolelewa na sauti. Tendi zetu, zile ziitwazo pia tenzi, zilikuwa na mahadhi kabla ya kuwa na kurasa, na mpaka leo maulidi ya mji huu husomwa na watu wakalia kwa utamu wa usomaji. Ajabu ni kwamba kijana wa Lamu akishika kalamu ya nathari, maandishi yasiyo ushairi, huacha sikio lake mlangoni. Soma ukurasa wako kwa sauti, taratibu. Pale ulimi unapokwama, pana neno halijakaa sawa. Pale unapoishiwa na pumzi kabla ya nukta, sentensi imebeba mambo mawili. Pale unapoanza kuharakisha bila kujua, umechoka wewe mwenyewe uliyeandika. Tia alama kwa kalamu na uendelee, usisimame kurekebisha. Kurekebisha ni kesho.

Na kabla ya hiyo kesho, uweke mswada kando. Uache wiki kadhaa kama unaweza. Ukiurudia, uchapishe kwenye karatasi au ubadilishe aina ya herufi kwenye skrini, jicho lisiutambue upesi.

Makosa madogo nayapitia mbio, maana kamusi zipo na walimu mpo. Ukipeleka mswada kwa shirika unauwasilisha, ukienda kusema kwa niaba ya wenzako unawawakilisha. Jambo linalojadiliwa ni suala, na wingi wake masuala. Mtu aliyekuja ni «aliyekuja», si «mwenye alikuja». Na «ambaye» tuipunguze: «kijana anayeuza samaki» inatosha pale ambapo wengi huandika «kijana ambaye anauza samaki». Kama unajua neno fulani hukutatiza, andika orodha yako mwenyewe na ulitafute katika mswada mzima kabla hujautoa.

Jambo la mwisho kabla ya mhariri: jua unamwandikia nani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alitunga wasia wake akiwa mgonjwa. Katika beti za mwanzo anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje aketi naye, na wino na karatasi. Msomaji wake alikuwa mmoja, anamjua kwa jina, yuko mbele yake. Wasia huo leo unasomwa vyuo vikuu. Mimi naamini uliwafikia wengi kwa sababu ulisemwa na mtu mmoja kumwambia mtu mmoja. Nikipokea mswada na barua inayosema «kitabu hiki ni cha watu wote», huwa narudisha swali: yupi katika hao wote?

Sasa tumfikie mhariri. Watu husema «nataka mhariri» kana kwamba kazi ni moja. Si moja, na ukitaka isiyo yako utalipa bure. Kuna uhariri wa muundo: mhariri anasoma kitabu kizima, hagusi nukta, anakuandikia waraka wa kurasa kadhaa. Sura ya tatu ingekuwa ya kwanza. Mhusika huyu anapotea katikati na hatujui alikwenda wapi. Kisa hiki umekimaliza mapema. Halafu kuna uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi, kama tulivyofanya kwa Mwanaisha. Kuna uhariri wa nakala, unaotafuta usawa: mhusika alikuwa na miaka 14 ukurasa wa 9 na ukurasa wa 60 amekuwa 12, jina limeandikwa namna mbili, tarehe haziendani. Mwisho ni usomaji wa prufu, kitabu kikiwa kimeshapangwa kwa ajili ya kiwanda, ambapo hurekebishwa herufi iliyodondoka na mstari uliokatika vibaya. Mpango una sababu. Ukianza na prufu kisha sura ya tatu ikahamishwa, prufu yote imekwenda na maji.

Hapa nataka kukaa, maana hapa ndipo sisi wa Lamu tunapoumia zaidi kuliko wenzetu. Nasema habari za Kiamu, Kiswahili chetu cha hapa Lamu.

Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiswahili cha shule na cha vitabu kisimame juu ya Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia hilo katika Afrika Mashariki. Faida yake ipo, siikatai. Leo mtoto wa Kigoma na mtoto wa Kisumu wanasoma kitabu kimoja. Lakini lugha iliyotungiwa tendi zetu ikaitwa lahaja, na mhariri aliyefunzwa kwa kitabu cha Kiswahili sanifu akiliona neno «mato», yaani macho, kidole chake kinakwenda kwenye kufuta kabla hajafikiri. Yeye haoni ubaya. Ameona kosa.

Niliwahi kumsaidia dada mmoja wa hapa mjini, jina lake nalihifadhi, ambaye mswada wake ulirudi kutoka kwa shirika moja la uchapishaji ukiwa umesafishwa. Bibi mzee katika hadithi ile, aliyezaliwa Lamu na hajapata kuvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, alikuwa anazungumza kama mtangazaji wa redio. Dada yule alikuwa analia. Nikamwambia tukae, tuchukue neno moja moja, tuliulize.

Bibi alikuwa amesema: «Ndoo, mwanangu, uketi.» Mhariri alikuwa ameweka: «Njoo, mwanangu, uketi.» Sasa tuwe waadilifu. Mhariri alikuwa na hoja. Msomaji wa Eldoret akikutana na «ndoo» ataona ndoo ya maji, na atasimama. Kwa hivyo swali la mhariri lilikuwa la haki. Jibu lake ndilo lililokosewa. Tulichofanya ni hiki:

«Ndoo, mwanangu, uketi,» bibi alisema, akipapasa mkeka kando yake.

Ule mkono juu ya mkeka unamfasiria msomaji bila tafsiri. Hakuna maelezo chini ya ukurasa, hakuna faharasa mwisho wa kitabu. Bibi amebaki Mwamu na msomaji wa Eldoret ameketi naye. Tulipomrudishia mhariri pamoja na sababu, alikubali siku hiyo hiyo. Hakuwa adui. Alikuwa hajajibiwa.

Kwenye ushairi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa neno likitoka linaondoka na kina, ile sauti ya mwisho inayofanana mstari kwa mstari. Nimetunga ubeti huu ili mwone:

Hapo alifumba mato
akakumbuka utoto
akaulalia mto
na matozi kumwenea

Hesabuni mizani, yaani silabi, kila kipande minane. Weka «macho» mahali pa «mato»: mizani ni ile ile, nane, na kina kimekufa. Mhariri asiyejua utendi ataona amesahihisha neno moja. Amebomoa ubeti. Kwa hivyo mwenye kuandika mashairi asimpe kazi yake mtu asiyehesabu mizani, hata awe na shahada ngapi.

Ushauri wangu ni huu, na nimeona ukifanya kazi. Kabla ya kumpa mhariri mswada, muandikie karatasi moja ya maamuzi. Wahariri wenyewe hutengeneza karatasi kama hiyo kwa kila kitabu, sasa wewe mtangulie. Mwambie: masimulizi yangu ni ya Kiswahili sanifu. Mazungumzo ya bibi na ya nahodha ni ya Kiamu. Maneno haya yabaki kama yalivyo: mato, yeo, ndia, moya, ndoo, mai. Majina ya mitaa yaandikwe hivi. Mhusika fulani amesoma Mombasa, kwa hivyo lugha yake imechanganyika, na nimekusudia. Karatasi hiyo moja itakupunguzia ugomvi wa miezi. Na itakufunua wewe mwenyewe, maana ukishindwa kuijaza, hujaamua, na mswada haujawa tayari kutoka. Mara nyingi ninachokiona si Kiamu kilichodhulumiwa. Ni mwandishi aliyeandika «macho» ukurasa wa 3 na «mato» ukurasa wa 5, kwa mhusika yule yule, kwa kutotazama. Hapo mhariri akisawazisha hana lawama.

Mtampata wapi mtu kama huyo? Fungueni vitabu mnavyovipenda, mkasome ukurasa wa shukrani. Waandishi wengi humtaja aliyewahariri. Hilo ni jina lenye ushahidi mkononi. Walimu wastaafu wa Kiswahili wana macho makali ya sarufi na wengi watakusaidia kwa moyo, lakini hadithi ina mahitaji zaidi ya sarufi, na aliyehariri tasnifu miaka yote si lazima ajue kitabu cha watoto. Muulize mtu: umehariri vitabu gani vya aina hii? Halafu umpe kurasa tatu au nne azihariri kwanza, na umlipe hata kwa hizo. Akirudisha, tazama kama ameuliza maswali. Aliyefuta tu bila kuuliza, mshukuru na uendelee kutafuta. Ambaye hakugusa kitu na amekusifu kwa kurasa zote nne, naye mshukuru vivyo hivyo.

Bei hukadiriwa kwa neno au kwa ukurasa. Ikiwa ni kwa ukurasa, uliza ukurasa wake una maneno mangapi. Mswada wa maneno 40,000 kwa kurasa za maneno 250 ni kurasa 160. Kwa kurasa za maneno 300 hazifiki 134. Tofauti hiyo ni shilingi zako. Andikianeni, hata ukurasa mmoja tu: kazi ni ya aina gani, ataupitia mara ngapi, ataumaliza lini, utalipa kiasi gani mwanzo na kiasi gani mwisho. Na sharti moja msiliache: mabadiliko yote yaonekane. Programu ya Word ina sehemu inayoonyesha kila kilichofutwa na kila kilichoongezwa. Anayekurudishia mswada safi, bila kuonyesha alichogusa, amekunyima nafasi ya kujibu, na nimesema tangu mwanzo kwamba kujibu ndiyo kazi yako.

Na mfahamu kwamba shirika la uchapishaji likishakubali kitabu chako, gharama ya uhariri ni yake, nawe hupata mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Anayekuambia ulipe ndipo akuchapishie anakuuzia huduma. Huduma inaweza kuwa nzuri, lakini ijue kwa jina lake.

Kuna wanaoogopa kuibiwa. Nimewaona watu wazima wamefungia miswada makabatini mpaka mchwa ukaisoma kabla ya watu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, bila kusajiliwa popote, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka ushahidi zaidi, bodi ya hakimiliki, KECOBO, husajili. Ukijichapishia mwenyewe, namba ya kukitambulisha kitabu, ISBN, hutolewa na Maktaba ya Taifa, KNLS. Mhariri hapati haki yoyote juu ya kitabu chako kwa kukihariri. Na barua pepe uliyomtumia ina tarehe.

Siku mswada utakaporudi umejaa alama nyekundu, usijibu siku hiyo. Nawaomba sana. Soma yote, funga, kasali, kalale. Kesho yake soma tena na ugawe: haya nakubali, haya nakataa na sababu yangu ni hii, haya sijui. Hayo ya «sijui» ndiyo ya kumpigia simu. Utagundua jambo: mhariri akisema mahali fulani pana tatizo, mara nyingi lipo, ingawa dawa aliyoiandika si lazima iwe ndiyo. Kwa bibi yetu tatizo lilikuwepo, msomaji angekwama. Dawa ilikuwa mkeka, si «njoo».

Nimeulizwa hapa mlangoni kuhusu programu za akili unde, kama zinaweza kuchukua nafasi ya mhariri. Zitumieni kutafuta herufi zilizodondoka, hapo zinasaidia. Lakini nimezipa kurasa za Kiamu nikaona zinavyofanya. Zinafanya alichofanya yule mhariri wa kwanza, kwa kasi zaidi, na haziulizi. Zinakupa sentensi iliyonyooka ambayo haikutoka kinywani mwa mtu yeyote wa hapa. Mtoto wa shule akianza nazo kabla ya kulipata sikio lake, sijui atalipatia wapi tena. Hilo linaniuma, na walimu mlioko hapa nawaomba mlitazame.

Kwa wasio na fedha ya mhariri, na najua ni wengi katika ukumbi huu, tafuteni wenzenu watatu au wanne. Kutaneni barazani mara moja kwa mwezi. Kila mtu alete kurasa chache, zisomwe na mwingine, si na aliyeandika. Hilo ni muhimu: mwandishi akisoma kazi yake mwenyewe anaipamba kwa sauti. Akisoma mwenzake, mwandishi husikia kilichopo.

Tutaanza na hilo sasa hivi, kabla ya maswali. Kaeni wawili wawili. Kila mmoja ampe mwenziwe ukurasa wake wa kwanza. Msomaji asome kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, asirekebishe chochote. Mwenye ukurasa ashike kalamu na nakala yake, anyamaze, na kila mwenziwe anapokwama atie alama ukingoni. Wasio na mswada njooni huku mbele, nina nakala za sentensi ya Mwanaisha, mnionyeshe nyinyi mngeiandikaje.